Samaki wa Kwanza wa Jessé

Lobito, 9 Machi 2025

Yaya Agar,

Nakusalimu, dada yangu mkubwa, kwa mikono miwili, ingawa mmoja umefungwa kitambaa, nitakueleza. Mimi ni mzima. Karakanani mabehewa bado yanaletwa na breki zilizolia mpaka zikachoka, na shefu wa kazi bado ananiita Kamina kana kwamba ndilo jina nililobatizwa. Wewe je? Paa la jikoni limezibwa? Mama Émerence bado anaazima sufuria na kuzirudisha bila mifuniko?

Usikasirike, simu yangu imeingia baharini. Ndiyo maana hukunipata. Nitanunua nyingine, lakini si mwezi huu. Basi tuandikiane kama baba alivyotuandikia alipokuwa kazini Kabongo, na Yav atabeba. Yeye yuko na mizigo ya reli kila mara, leo Dilolo, kesho Tenke, na siku akipanda hadi Kamina atakupitia.

Sasa habari ya mkono. Jumamosi iliyopita Kabeya na Adérito walinichukua kuvua. Kabeya unamjua kwa barua zangu, yule wa Kabongo anayelala kitanda cha juu. Adérito ni mchomeleaji, mtu wa hapa. Tulikwenda mahali panapoitwa Caota, mbele ya Benguela. Nilidhani tutakaa mchangani. Hakuna mchanga. Ni mawe matupu, yanashuka kama ngazi iliyojengwa na mlevi, na maji yanapiga chini yake mpaka unasikia kifuani. Tuliteremka viatu mkononi. Kome wamejibandika kwenye miamba. Unawabandua kwa kisu, ndio chambo. Risasi za kuzamishia mshipi hatukuwa nazo, tukafunga nati za mabehewa. Baba angecheka.

Saa tatu nzima nililisha samaki wa Angola bure. Nilikuwa navuta mshipi kila dakika kuangalia. Kabeya akaniambia, "Weye mutoto ya reli, samaki haiko na saa ya kufika. Shika, nyamaza." Nikanyamaza. Kisha mshipi ukaenda wenyewe, ukanikata kidole hadi nyama nyeupe, na Adérito akapiga kelele kwa Kireno. Niliuliza anasema nini. Kabeya akasema, "Anasema usivute sawa vile unavuta behewa." Hapo ndipo simu ilipotoka mfukoni. Niliisikia ikigonga jiwe mara mbili. Sikugeuka.

Alikuwa garupa, ndivyo wanavyomwita, mdomo mpana, rangi ya udongo wa kiwanja chetu. Mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Samaki wangu wa kwanza maishani, yaya, na nina miaka ishirini na mbili.

Wenzangu wakawasha moto wa kuchoma. Mimi nikamweka wangu kando, chini ya gunia bichi. Niliwaeleza maneno ya babu, kwamba kwao Sanga, penye ziwa Kisale, samaki wa kwanza haliwi na aliyemvua. Anapelekwa mzima kwa mzazi, hakatwi vipande. Mzazi anamla peke yake, anarudisha mifupa majini, anasema, "Maji yako yamekupokea." Kabla ya hapo mvuaji haruhusiwi kushika mshipi tena. Kabeya akasema kwao Kabongo mtu anavua na kula, na hakuna aliyekufa. Walikula, mimi nikala mkate.

Baba hayupo, mama hayupo. Aliyenilea ni wewe. Basi samaki ni wako. Dada yake Adérito ndiye aliyenionyesha kazi ya chumvi. Alitaka kumpasua mwili mzima, nikakataa, tukafungua tumbo tu, tukajaza chumvi, tukashona kwa mshipi uleule. Yav ameshampokea. Umle mzima, yaya, hata tumbo.

Ndimi mdogo wako,
Jessé


Kamina, 20 Aprili 2025

Jessé mdogo wangu,

Leo ni Pasaka. Nimerudi kanisani sasa hivi, nimevua viatu, nakuandikia kabla sijapika. Kwaya imeimba vizuri, isipokuwa baba Maurice ambaye bado anaanza mbele ya wengine na kumaliza nyuma yao. Wote wameniuliza habari zako. Nimewajibu kwamba u mzima na unafanya kazi.

Yav alipita Jumanne akaniachia barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Kidole kimepona? Ulikiosha kwa nini? Hayo mawe unayoyashuka bila viatu siyapendi. Umesema maji unayasikia kifuani, nami tangu hapo nayasikia ninaposahihisha madaftari. Mtu aliyejifunza kuogelea katika pipa la mvua hana kazi mahali kama pale.

Paa limezibwa. Fundi aliacha tundu moja, anasema ni la hewa. Darasa la tano wana insha nzuri mwaka huu, hasa Shekina, mtoto wa dereva wa garimoshi, ambaye anaandika kama mtu aliyekwisha kuzeeka. Mahindi yalitoka mazuri. Nilipika bukari ya unga wake jana, na nilipogeuza sufuria nikaona tena ni ya watu wawili. Mkono umezoea kipimo, nami sijaufundisha kingine.

Umeomba likizo ya Julai? Uliahidi Julai. Andika tarehe, nipange na shule.

Yaya yako,
Agar


Lobito, 18 Mei 2025

Yaya,

Salamu kutoka kwenye ukungu. Huku sasa asubuhi hatuoni hata kreni za bandari, tunazisikia tu zikilia. Kidole kimepona, kimebaki na alama kama uzi. Nilikiosha kwa maji ya bahari, Adérito alinilazimisha, na nililia, usimwambie mtu.

Barua yako ilinifurahisha, nikacheka kwa ajili ya baba Maurice. Lakini hukuniambia juu ya samaki. Nilimuuliza Yav. Amesema alikukabidhi mkononi, mlangoni, siku moja na barua, na kwamba ulimshukuru. Basi najua yupo. Alioza? Kama alioza sema tu, sitasikitika, au nitasikitika kidogo.

Nakuuliza kwa sababu kila Jumamosi ya pili tunakwenda Caota, na mimi sigusi mshipi. Nakaa juu ya jiwe kavu, nalinda mifuko na viatu. Nawabandulia kome. Adérito ananiita padri. Kabeya amesema, "Bwana, babu yako alishakufa, atakuona namna gani?" Nikamwambia si babu ninayemwogopa. Siamini sana mambo hayo, yaya. Lakini mkono unakataa. Siku nzima nawaangalia wanavyotupa na kuvuta, wanapigiana kelele za furaha, nami nimekaa na viatu vyao. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa na rafiki zake hivyo na bado awe peke yake namna ile.

Ulimla? Niandikie neno moja.

Likizo nimeomba. Mengine nitakuambia ukishanijibu.

Jessé


Kamina, 22 Juni 2025

Jessé,

Baridi ya kiangazi imeingia. Asubuhi watoto wanakuja shuleni wamejifunga mashuka ya mama zao, na chaki inavunjika vidoleni. Mitihani imeanza. Mama Émerence alianguka kwenye ngazi ya soko lakini hakuvunjika; amepumzika wiki moja na sufuria zangu mbili ziko kwake.

Samaki alifika. Nimemla mzima, kama inavyotakiwa. Alikuwa mtamu. Asante.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Nimefua pazia, na godoro nimelianika siku tatu. Kitanda ni kifupi kwako sasa, nadhani, tutaweka sanduku miguuni. Nipe tarehe.

Agar


Lobito, 27 Julai 2025

Yaya Agar,

Nakusalimu. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeipata tarehe tano. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwambani, nikashika mshipi kwa sababu uliandika umemla. Samaki walikula chambo, hawakula ndoano. Kabeya alinitania akasema, "Yaya yako alikula samaki ao alikula bahasha?" Nilimkasirikia, tukakaa siku mbili bila kusemezana.

Umeandika alikuwa mtamu. Kuhusu kilichokuwa tumboni hukuandika hata neno moja. Nilisubiri barua nyingine, nikidhani jambo hilo umeliwekea karatasi yake. Haikuja. Nimekuelewa. Ulinilea, una haki ya kunyamaza, na sitakuuliza mara ya pili.

Nimemwambia Belmira kwamba kwetu hawakukubali. Alinisikiliza akiwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

Julai sikuja, umeona. Likizo nimeisogeza. Nitakuja Desemba na sanduku langu lote, na kazi hii nitaiacha. Huko depo ya Kamina watapata kitu cha kunipa. Nafikiri ndivyo ulivyotaka.

Mdogo wako,
Jessé


Kamina, 24 Agosti 2025

Jessé, mtoto wangu, maana leo siwezi kukuita mdogo,

Wazima wote. Mama Émerence anatembea. Salamu zimekwisha, sina nyingine.

Sikumla samaki. Niliandika uongo. Yav aliponipa mfuko ule wa plastiki mlangoni nilijua uzito wake kabla sijaufungua, kwa kuwa barua nilikuwa nimeisoma nikiwa nimesimama, yeye akinywa maji. Nikautundika kwenye msumari juu ya mafiga, ule wa taa ya baba. Ulikaa pale tangu Aprili. Paka wa jirani walikuwa wanakuja kuketi chini yake kama wanaume barazani. Jikoni pakanuka bahari, nguo zangu zikanuka, hata mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa adabu kama nimehamia Kisale. Nilipika chini yake kila siku. Sikumtupa, sikumla.

Unajua kwa nini. Babu alipokewa na maji ya Kisale, akarudi kuzikwa kando yake. Baba hakuvua samaki hata mmoja. Alikuwa akisema maji yake ni yale ya tangi la injini, ndiyo maana hakutulia popote isipokuwa njiani. Mimi sina maji yoyote. Niliposoma kwamba umekamata samaki katika bahari ambayo sijaiona, nikafikiri kwamba siku nikimla nitakuwa nimetia sahihi kwamba wewe ni wa huko. Nilikuchukua ukiwa na miaka tisa, na ulikuwa huwezi kulala mpaka nikushike sikio. Mtu hatoi sahihi ya kitu kama hicho kwa kutafuna.

Kisha ukaandika kwamba unalinda viatu. Maneno hayo nilishindwa kuyabeba. Nikadhani nikisema tu kwamba nimemla, wewe utaachiliwa uvue na rafiki zako, na mimi nitabaki na samaki, na hakuna atakayeumia. Nilipata mafundisho yote yale, nikafikiri hivyo.

Barua yako ya Julai ilifika tarehe kumi na nne. Nikafika pale ulipoandika "na sanduku langu lote". Nikuambie kweli yote, kwa kuwa nimeanza. Nilifurahi. Niliketi kitandani kwako nikafurahi kwa muda wa kama nusu saa. Sikujua tumboni kulikuwa na nini, na sikutaka kujua, maana nilishaona kwamba nikinyamaza tu, bila kufanya kosa jingine lolote, utarudi. Hakuna aliyenitaka niseme kitu. Ningepika bukari ya watu wawili na isingekuwa makosa tena.

Belmira akiwa anakunja nguo ndiye aliyeniinua. Simjui, lakini namna hiyo ya kukunja naijua. Siku ulipopanda treni kwenda, nilikunja shuka zako zote, na zile safi nikazikunjua ili nizikunje tena.

Nikamshusha samaki. Uzi wa mshipi ulikuwa umekauka, nikaukata kwa wembe. Chumvi ikamwagika mezani, na ndani yake ile picha ndogo mliyoibandika plastiki. Msichana ana nywele fupi, anatazama pembeni, kana kwamba mtu anamwita. Nyuma umeandika: "Yaya, huyu ni Belmira, dada yake Adérito. Nimeshindwa kuandika katika barua. Nakungoja useme." Herufi zako bado zinalala upande wa kushoto. Nilivipiga rula vidole vyako kwa ajili hiyo, havikusikia.

Sasa elewa kwamba sikunyamaza kwa kukataa. Nilinyamaza kwa kutoona. Lakini sijitetei, nisingeona, kwa kuwa sikutaka kufungua.

Nilimloweka samaki usiku kucha, nikabadilisha maji mara tatu. Jana, Jumamosi, nilimchemsha na nyanya, nikafunga mlango, nikamla peke yangu. Ilinichukua tangu saa nane mchana hadi jua kushuka. Nyama ilikuwa ngumu kama kamba na chumvi ilinichoma midomo. Nilikula mkia, mgongo, mashavu. Kichwa nilikiacha mwisho, nikakila pia, na macho. Hakuwa mtamu, Jessé. Kwa hilo utajua kwamba safari hii nasema kweli.

Picha niliiegemeza kwenye chupa ya mafuta, ikawa mbele yangu muda wote. Msichana hakunitazama hata mara moja. Nimempenda kwa hilo.

Imebaki mifupa. Lazima irudi majini, na Kamina ya Agosti unaijua, hata mfereji wa reli ni vumbi. Nimeiweka katika mkebe wa maziwa. Yav hajapita, wanasema atapanda mwishoni mwa Septemba. Kabeya uliniandikia namba yake mwaka jana, ninayo hapa. Mara mbili nimeenda kwa mama Émerence kuomba simu, nikarudi na sufuria zangu badala yake. Kwa simu ningesema "samahani", ungesema "si kitu", na salio lingekwisha. Nataka uwe na karatasi mkononi.


28 Septemba

Ni jambo la aibu kukuacha usubiri mwezi mzima. Wiki iliyopita nilimpigia Kabeya hatimaye. Nilimwambia akuambie maneno manne tu: alikula bahasha, sasa samaki. Alicheka mpaka simu ikakatika, kwa hiyo sijui kama aliyachukua yote.

Mvua ya kwanza ilinyesha jana alasiri. Ilikuja na upepo kutoka upande wa kambi ya Base, ikapiga mabati dakika kumi bila kusema kitu kingine, kisha ikatulia ikanyesha kama inayojua kazi. Nilichukua mkebe nikatoka. Mfereji wa kando ya reli ulikuwa unashuka mwekundu, umebeba majani na kipande cha kandambili. Shekina alikuwa darajani na watoto wenzake, akamwona mwalimu wake amelowa, amechuchumaa, akawageuza wengine wasitazame. Nikamwaga mifupa. Ilizunguka mara moja mahali pamoja, ikaenda. Nikasema kwa sauti, "Jessé, maji yako yamekupokea."

Leo nilipika bukari ya mtu mmoja. Imetoka mbaya, majimaji. Nitajifunza.

Yav yuko stesheni, anaondoka saa kumi. Rudi mwambani, lakini vaa viatu. Mwombe Adérito msamaha kwa niaba yangu, maana nimemdharau dada yake bila kumjua. Kwa Belmira nenda mwenyewe, leo hiihii ukimaliza kusoma, usitume mtu. Mwambie kwamba yaya yako alichelewa kufungua barua.

Desemba nawangoja wawili. Njooni na begi dogo.

Agar